Mashine ya boti inaingiza maji kwenye silinda: gasketi ya hedi nimebadili mara mbili, kumbe maji yana njia nyingine kabisa

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka aruke mpaka kwenye vipimo, ila ningependa mtu asome toka mwanzo maana nilichokifanya mi ndo naona wenzangu wengi pwani wanakifanya kila siku, plagi ikilowa tu mtu anakimbilia gasketi ya hedi (hedi ni kifuniko cha silinda, gasketi ndo inaziba kati yake na bloko). Na kuna watu nawajua wameuza mashine zao bei ya chuma chakavu kwa tatizo ambalo dawa yake ni kipande cha alumini urefu wa kandambili.

Nipo Kilindoni, Mafia. Nina boti ya faiba ya futi 24 na mashine ya Yamaha Enduro 40 ya tustroki, silinda mbili, ile ya kuvuta kamba na kuchanganya oili kwenye petroli. Kazi yake kupeleka barafu kisiwani Bwejuu kwenye madago (kambi za wavuvi) na kurudi na samaki. Vijana wanne wanakula kupitia hiyo boti, na mimi wa tano.

Ilianza mwezi wa 6, kusi limeshakolea. Asubuhi ikiwashwa inamisi, inatetemeka, unapiga choki inakubali kwa shida, ukienda nayo dakika kumi na tano inakaa sawa kabisa kama haijawahi kuumwa. Tukasema petroli. Tukabadili plagi, ikawa nzuri siku mbili tatu, ikarudi palepale. Halafu siku moja tunatoka Bwejuu na mzigo ikashuka nguvu katikati ya mkondo, ikabaki na silinda moja, tumetembea kwa mwendo wa ngalawa bila tanga mpaka magharibi, barafu yote imekuwa maji.

Kesho yake asubuhi kijana akavuta kamba ikagoma. Inakuja nusu afu inagota. Akapandisha mguu kwenye ubao ili avute kwa mwili mzima, nikamwambia acha, acha kabisa usivute. Hapa nisimame kidogo kwa sababu hili ndo linaloua mashine kuliko maji yenyewe. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikikutana na maji mbele yake hakuna pa kuyapeleka, ukilazimisha kitakachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Na wala sio maji mengi, kikombe kimoja cha kahawa kinatosha. Kamba ikigota usivute tena, fungua plagi kwanza.

Basi nikafungua plagi zote mbili nikamwambia vuta sasa, taratibu. Silinda ya juu ikapumua hewa tu. Ya chini ikatema maji yakanipiga kifuani, maji ya kijivu yana macho macho ya oili juu yake. Plagi ya juu ilikuwa rangi ya kahawia, kavu kiasi, kawaida ya mashine ya kuchanganya oili. Ya chini ilikuwa safi. Safi kama imeoshwa kwa sabuni, lile chuma la pembeni linang'aa na kwenye nyuzi zake kuna kutu changa ya rangi ya chungwa. Plagi inayofanya kazi haiwi safi namna ile. Ukiona moja chafu na nyingine imeng'aa, iliyong'aa ndo mgonjwa, inaoshwa na mvuke kila mara silinda inapochoma.

Fundi wa kwanza hakuuliza mengi, akasema hedi gasketi hiyo. Akafungua, akaweka mpya, tukafunga, mashine ikanguruma vizuri sana. Siku tisa. Ya kumi plagi ya chini imelowa tena. Fundi wa pili akasema yule hakusawazisha hedi, akaipeleka hedi kusuguliwa, gasketi mpya tena, na akasema na petroli yenu ya madumu ina maji. Hii haikufika hata wiki. Hapo nimeshalipa gasketi mbili, mafundi wawili, na boti imekaa juu ya mchanga bamvua nzima (siku za maji makubwa) wenzangu wanapishana na barafu mbele ya macho yangu.

Aliyenitoa ni mzee mmoja fundi wa Nyamisati alikuja Kilindoni kwa shughuli zake. Hakushika spana hata kidogo siku ya kwanza. Aliniuliza tu: "Maji hayo ni ya chumvi au ya baridi? Na yanaingia mashine ikiwa inatembea au ikiwa imelala?" Sikuwa na jibu hata moja. Akasema basi tusifungue kitu mpaka tujue maji yanatokea wapi.

Nawaandikia vipimo vyote kama tulivyofanya, halafu nitawaambia tulichokuta.

Ila kwanza mjue njia zenyewe, maana maji kuingia kwenye silinda yana njia chache tu. Yanaweza kuja na petroli. Yanaweza kupita gasketi ya hedi. Yanaweza kupita upande wa ekzosi, kwenye kava la ekzosi pale ubavuni mwa bloko, ambapo moshi na maji ya kupoza vinatenganishwa na bati jembamba tu. Yanaweza kupanda kutoka chini kwa njia ya ekzosi, wimbi la nyuma likakupandia au mtu akaibeba mashine vibaya. Au bloko lina ufa. Na kama mashine ilizama hiyo inajulikana. Mafundi wangu wote wawili walikimbilia gasketi ya hedi, wa pili akaongeza petroli tu.

Petroli tuliipima na chupa ya maji ya kunywa ya plastiki, ile nyeupe. Unachota kutoka chini kabisa ya tenki, sio juu, unaiacha imesimama nusu saa. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utaona mstari kabisa. Halafu legeza ile bolti ndogo chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye kifuniko, uangalie kama kuna matone yanayoteleza peke yake kama zebaki. Mi sikukuta kitu. Petroli safi, kabureta safi. Na kitu kingine alichonionyesha mzee, petroli yenye maji ingeumiza silinda zote mbili, kwangu anaumwa mmoja tu. Hilo peke yake lilitosha kumjibu fundi wa pili.

Chumvi: yale maji ya silinda tuliyaacha yatulie kwenye kifuniko mpaka petroli na oili vielee juu, tukachota ya chini tukadondosha matone matatu kwenye kipande cha kioo, tukaweka juani. Kufika adhuhuri kioo kimekauka na kila tone limeacha duara jeupe, ukipitisha ukucha linakwaruza. Chumvi. Basi ni maji ya bahari, yanatoka kwenye mfumo wa kupoza au yanapanda na ekzosi. Usiyalambe jamani, yana petroli na oili, kioo kinatosha.

Kompresheni (mgandamizo wa silinda): plagi zote mbili nje, waya za plagi uzigusishe kwenye chuma cha bodi ya mashine (ethi) zisipige cheche karibu na petroli, aksileta wazi yote, unavuta kamba mpaka mshale wa geji usipande tena. Juu tulipata psi 118, chini 114. Hizo namba zenyewe zisikusumbue sana, cha kuangalia ni tofauti, isizidi kama asilimia 10 hivi. Ila ukipima silinda ikiwa bado ina maji au umetoka kumwagia oili, geji itakudanganya, itasoma juu kuliko ukweli, kausha kwanza. Sasa mzee akaniambia fikiria, kama gasketi ya hedi imefunguka kiasi cha kuingiza maji yote yale, kompresheni nayo ingekuwa inatoroka kwa njia hiyohiyo. Mgandamizo uko sawa na maji yanaingia. Basi maji hayaji kwa upande wa hedi, yanaingia upande ule ambao pistoni ikipanda inaufunga, na upande huo ni mlango wa ekzosi.

Hata hivyo hedi tuliifungua tuhakikishe. Gasketi ikipasuka huacha njia, utaona mstari mweusi au ulioliwa kutoka kwenye duara la silinda kwenda kwenye tundu la maji. Yetu haikuwa na alama yoyote. Hedi tukaisugua kidogo kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo kinene cha dirisha, ikang'aa sawasawa kote, hakuna bonde. Ikiacha sehemu isiyoguswa na msasa ndo imepinda, na mwisho wake ni milimita 0.1 ukipima na vile vyembe vya kupimia nafasi, ikizidi hapo ndo usawazishe. Ile hedi haikuwa na kosa.

Halafu kabla ya kufunga akamulika tochi ndani ya silinda kwenye milango ya ekzosi. Ya juu nyeusi, kaboni imejaa kawaida. Ya chini nusu yake moja nyeusi na nusu nyingine alumini tupu, imeoshwa. Kama ukuta wenye masizi uliovujiwa na mvua, unaona mpaka njia ya maji yalikoteremkia.

Kipimo cha mwisho ndo nilikipenda. Tulifunga hedi, tukatoa gia boksi ya chini, lile bomba la shaba linalopandisha maji kutoka kwenye pampu likabaki linaning'inia. Tukafunga mpira wa maji na klipu, ndoo ya lita 20 ya maji baridi tukaipandisha juu ya mnazi kwa kamba. Pistoni ya chini tukaiteremsha mpaka mwisho ili mlango wa ekzosi uwe wazi. Tukafungulia maji, mi nimekaa na tochi kwenye tundu la plagi. Dakika ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Halafu nikaona tone limechungulia kwenye pembe ya mlango, likakua, likaanguka ndani. Likaja lingine. Wakuu miezi miwili nalitafuta tone lile.

NAENDELEA, nimeona mshaanza kuuliza.

Tulichokuta kwenye kava la ekzosi. Lile kava lina tabaka mbili, kuna kava la nje halafu bati la ndani, na gasketi mbili, moja kila upande wa bati. Moshi unapita upande mmoja wa bati, maji yanapita upande wa pili kulipoza. Bolti zake ni ndogo, za M6, zipo nyingi, na kwenye mashine ya maji chumvi zinakuwa zimeshikana na alumini kama zimeotea humo. Hapa ndo watu wanaharibu bloko. Usiweke bomba kwenye spana. Tulipuliza dawa ya kulegeza kutu usiku, asubuhi tukapasha kwa gesi pembeni ya kila bolti (petroli yote imeondolewa mbali, tenki, mpira, kabureta, kila kitu), gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, kaza kidogo kwanza ndo ulegeze, rudi mbele, rudi nyuma. Pamoja na subira yote hiyo mbili zilikatika. Tukatoboa katikati kwa drili ndogo, tukapanua, tukakata nyuzi upya na kuweka zile springi za kutengenezea nyuzi. Ukizikata zote kwa papara hutakuwa na bloko tena.

Bati la ndani lilipotoka lilikuwa limejaa unga mweupe, kama unga wa muhogo, hiyo ni alumini iliyoliwa na chumvi. Nikalipangusa kwa kidole. Halionyeshi kitu. Mzee akalichukua akaliinua juu juani, akaniambia njoo usimame hapa. Tundu. La sindano. Mwanga unapita kama nyota moja. Lipo usawa wa mlango wa silinda ya chini kabisa. Ile ndo iliyokula gasketi zangu mbili.

Na ndo maana asubuhi ilikuwa inagoma na mchana inapona. Ikitembea, moshi una presha, unayasukuma maji nyuma, kinachopita ni kidogo tu kinageuka mvuke. Tukizima tukaiinua, maji yaliyobaki kwenye mfuko wa kupozea yanashuka taratibu kwenye lile tundu, yanapita mlango wa ekzosi, yanalala juu ya pistoni mpaka asubuhi. Lile swali la mzee la siku ya kwanza, ikitembea au ikilala, jibu lilikuwa hilo.

Matengenezo: bati jipya, gasketi mbili mpya, bolti mpya za chuma kisichoshika kutu, vyote nimeagiza Dar. Niliulizwa kama tusingelichomelea tundu. Bati ni jembamba, ukilichomelea linapinda, na likipinda gasketi haikai. Na ile gundi ya chuma ya kuchanganya mbili inashika siku chache halafu moto wa ekzosi unaila, hiyo labda ikurudishe nyumbani tu ukiwa umekwama. Silikoni usiipake hapo kabisa.

Sehemu zinapokutana usikwangue na patasi, mkwaruzo mmoja ni njia ya maji. Wembe wa plastiki au ukucha wa mti mgumu, na petroli kidogo ya kulainishia gasketi kuukuu. Ndani ya mfuko wa maji tulikuta chumvi imeganda na mchanga, tukalainisha na siki, tukaacha muda mfupi tu halafu tukaosha na maji mengi baridi, maana siki ukiisahau nayo inakula alumini. Kila tundu la bolti tukalipitishia tepu ya M6 kusafisha nyuzi, bolti tukazipaka grisi ya baharini. Kukaza, anza katikati nenda nje kwa kupishana, mzunguko wa kwanza nusu nguvu, wa pili ndo nyuton mita 8. Nane ni kidogo sana wakuu, mkono wa fundi aliyezoea magari unazidisha bila kujua. Azima toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza).

Impela ya pampu ya maji na themostati tukabadili hapohapo kwa sababu tumeshafungua. Themostati iliyojaa chumvi inakaa wazi au inaziba, zote mbaya.

Kuna mdau wa Ukerewe kauliza: "Mkuu huku ziwani maji hayana chumvi, hicho kipimo cha kioo kitanisaidia nini?"

Mkuu, hakitakusaidia, kweli kabisa. Kwako anza na petroli, ikiwa chupa na bakuli la kabureta ni safi basi maji yanatoka kwenye kupoza au ekzosi, na kipimo cha ndoo na tochi kinafanya kazi popote. Ila ziwani hili tatizo la bati kuliwa ni nadra zaidi, mashine ya maji baridi ikiingiza maji ningeanza kuangalia kama iliwahi kuchemka. Mchanga na majani vikiziba njia ya maji mashine inachemka, hedi inapinda, gasketi inakwenda. Kwa hiyo kwako kile nilichowakatalia mafundi wangu kinaweza kuwa ndo chenyewe, lakini pima kompresheni kwanza, usiniamini mimi.

Mwingine kauliza kuhusu kubeba. Swali zuri sana. Vijana wakimaliza kazi wanaifungua mashine, mmoja bega la mbele mmoja la nyuma, wanapanda nayo kwenye mchanga, na mara nyingi kichwa kiko chini pangaboi juu. Maji yote yaliyobaki kwenye mguu yanateremka kwa njia ya ekzosi yanaingia kwenye silinda. Kabla ya kuibeba iache wima mpaka imalize kudondosha maji, halafu kichwa kiwe juu ya pangaboi muda wote, hata kwenye baiskeli, hata kwenye bajaji. Ukiilaza, chini ya kichwa weka kitu.

Na wimbi la nyuma pia: boti imebeba kupita kiasi, ubao wa nyuma umezama, unatoka spidi afu unafunga aksileta ghafla, wimbi lako mwenyewe linakufikia na kusukuma maji juu kwenye mguu. Punguza kwa hatua. Angalia na urefu wa mguu pia, mfupi ni wa ubao wa inchi 15, mrefu ni inchi 20, mguu uendane na boti yako.

Mwingine kaandika: "Yetu imezama kabisa jana usiku Nungwi, chumvi, tumeitoa asubuhi hii, fundi yupo mjini mpaka kesho kutwa. Tufanye nini?"

Ndugu yangu soma hapa haraka uache mengine yote. Kutu inakwenda kasi zaidi chuma kilicholowa chumvi kikikutana na hewa kuliko kikiwa ndani ya maji. Kama kweli hamuwezi kuishughulikia leo, tafuteni pipa la maji baridi mkaizamishe tena humo, kichwa kizima, ikae humo mpaka fundi afike. Najua inaonekana kama wazimu lakini inasaidia. Kama mnaweza leo, basi leo hii: ioshe yote na maji baridi, toa plagi, ilaze matundu ya plagi yaangalie chini, zungusha flaiwili kwa mkono taratibu mpaka maji yaishe. Ikiwa inakwaruza kama ina kokoto ndani, simama, kuna mchanga, hiyo ifunguliwe. Ikizunguka laini, fungua kabureta ioshwe na petroli, mwaga oili ya 2T kwenye matundu ya plagi na kwenye mdomo wa kabureta, zungusha tena. Petroli ya zamani itupwe yote. Koneksheni za umeme zioshwe maji baridi na zikauke. Halafu plagi mpya, mchanganyiko wa oili mara mbili ya kawaida, iwasheni na iacheni itembee ndani ya pipa angalau nusu saa ili joto likaushe beringi za krenki. Kama ilizama huku inatembea kwa spidi, msiwashe kabla fundi hajaangalia konrodi.

Mtu wa Lamu anasema yake ni fostroki na oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kaka usiiwashe tena hata kwa jaribio. Maji kwenye oili ya injini yanaondoa ule utando unaokinga beringi. Mwaga oili yote, badili filta, pima kompresheni na angalia gasketi ya hedi, kwenye fostroki yeye ndo mshukiwa wa kwanza. Ukishatengeneza utabadili oili mara mbili au tatu, unawasha dakika chache unamwaga, mpaka itoke na rangi yake.

Na walioniuliza oili ya gia kuwa nyeupe, hiyo ni njia nyingine haihusiani na silinda. Iache boti ikae usiku, asubuhi legeza screw ya chini kidogo tu, maji yatatangulia kutoka kabla ya oili. Kwetu huku mwizi mkubwa ni mshipi wa nailoni. Unajisokota nyuma ya pangaboi, unayeyuka, unakata sili ya shafti. Toa pangaboi uangalie, mi nimewahi kukuta mshipi umeviringika kama kamba ya nguo. Mengine ni washa za screw zilizotumika tena, sili ya shafti ya juu, na sili ya fimbo ya gia. Kujua ni ipi, mwaga oili, funga screw moja, ya pili weka adapta na pampu ya baiskeli yenye geji, jaza kidogo kidogo mpaka psi 10, isivuke 14 maana utazisukuma sili zenyewe zitoke, halafu dumbukiza kwenye pipa. Mapovu yatakuonyesha. Zungusha na shafti kwa mkono, nyingine zinavuja zikizunguka tu. Kujaza oili namba 90 unajazia tundu la chini mpaka itoke la juu, unafunga la juu kwanza ndo uchomoe mpira wa chini, ukijazia juu unafungia hewa humo.

MREJESHO

Nimekaa kimya karibu wiki tatu, nilitaka bamvua nzima ipite kabla sijaandika. Tuliiwasha kwanza kwenye pipa la lita 200, maji baridi yamefunika mdomo wa kuvutia, gia huru, sailensa tu (bila kugusa aksileta), dakika 15. Ilitoa moshi mwingi sana, ile siki na grisi na oili tuliyomwaga ndani. Inakojoa maji ya kupoza vizuri, nikiweka mkono kwenye mkojo wake ni vuguvugu. Tenki la kwanza nimechanganya petroli 25 kwa oili 1, sasa nimerudi 50 kwa 1.

Nimefungua plagi jana baada ya safari ya kumi na mbili ya Bwejuu. Zote mbili kahawia. Nilizilaza pamoja kwenye kiganja changu nikashindwa kujua ipi imetoka juu na ipi chini. Kijana wangu yule aliyetaka kuvuta kwa mguu anavuta kamba mara mbili inawaka, asubuhi, ya baridi.

Kila tukirudi sasa inaingia kwenye pipa kabla mtu hajaenda kunywa chai. Pipa tumelizika nusu kwenye mchanga pale juu ya alama ya maji ya bamvua, maji tunabadili kila yakianza kuwa na chumvi, na petroli tunachomoa mpira mashine izime yenyewe ikimaliza iliyo kwenye kabureta. Boti tatu za jirani zinatumia pipa hilohilo.

Aliyeuliza kama konrodi ilipona: ilipona, tulipima uchezaji wa pembeni na juu chini, hakuna uliozidi kiasi. Na aliyeuliza urefu wa bolti za kava, usinunue kwa kukisia, zipo za urefu tofauti kwenye kava hilohilo, chora kava kwenye kadibodi, toboa matundu, kila bolti ukiitoa ichomeke mahali pake. Kadibodi yangu bado ninayo, nikipata mtandao mzuri nitaipiga picha niiweke hapa.